Pacha wawili, nyumba moja: kwa nini sonona huanza kuwaelemea wasichana wanapobalehe

Nyumba yao iko Langoni, mjini Lamu, kichochoro kimoja tu kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na daka lake, baraza la mlangoni, limelainika kwa kukaliwa na vizazi. Hadi walipofika miaka 11, pacha hawa, msichana na mvulana, ukimwona mmoja ulikuwa ukigeuza shingo kumtafuta wa pili. Walikwenda chuoni kusoma Kurani pamoja, walifukuza paka pamoja, na siku ya kugombezwa waligombezwa pamoja. Mama yao nilimfundisha sayansi zamani, ndiyo maana hadi leo mlangoni huitwa Bi Mwalimu na watoto wasiojua nilifundisha nini. (Mambo mawili matatu nimeyageuza wasitambulike. Lamu ni ndogo, na kila mtu ni binamu wa mtu.)

Alasiri moja, wakiwa na miaka 13 na nusu, nilifika nikakuta mahamri ya asubuhi yamefunikwa kawa, hayajaguswa. Msichana alikuwa ameketi chini ya dirisha, kanga mabegani, akikunja na kukunjua pindo lake. Nilimwuliza hali, akajibu "Sijambo, Bi Mwalimu" kwa adabu zote, kisha akarudi kwenye pindo. Bibi yake, ambaye Kiamu chake hakijaguswa na redio, alininong'oneza jikoni, mato akimaanisha macho: "Mato yake yapo. Mwenyewe hayupo." Kaka yake alikuwa nje kama kawaida, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye.

Mimba moja, nyumba moja, sahani moja, umri unaotofautiana kwa dakika. Kwa nini yeye?

Swali hilo si la Langoni peke yake. Kabla ya miaka 11 au 12, wasichana na wavulana hupata sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kwa viwango vinavyokaribiana, na huwa ni wachache. Baada ya hapo njia zao huachana. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuata tangu utotoni watu waliozaliwa 1972 na 1973, na waliona pengo likichomoza kati ya miaka 13 na 15, kisha likipanuka kati ya 15 na 18. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi uliounganisha takwimu za nchi zaidi ya 90. Ulionyesha kwamba pengo huwa pana zaidi hasa kwenye miaka hiyo ya 13 hadi 15, ambapo uwezekano wa msichana kukutwa na ugonjwa huu ni takriban mara 3 ya ule wa mvulana, kisha ukubwani hushuka na kukaa karibu na mara 2. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17 uliotolewa 2022 ulikuta zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na karibu 1 kati ya 8 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko inatoka hapo. Mitaani kwetu hatusemi "sonona". Tunasema "ana mawazo". Ukitaka kusikika umesoma unasema "msongo wa mawazo", na hilo tunalitumia kwa kila kitu: mtihani, deni, ndoa, na mtoto asiyekula. Lakini msongo na sonona ni vitu viwili. Mtazame punda anayepandisha mawe kutoka gatini hadi kwenye ujenzi. Huo ni msongo. Ukimshusha magunia hujigaragaza mchangani, akajitikisa, akaenda zake. Sonona ni pale magunia yameshushwa, mchanga upo, na punda hainuki. Waganga wa hospitali huangalia kama hali imeendelea kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku: huzuni, au kwa kijana hasira za haraka, kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kuharibika, chakula kukataliwa au kuliwa kupita kiasi, uchovu usio na kazi, kujiona hana thamani, kushindwa kushika masomo, kuwaza kifo. Haihitajiki orodha nzima, ila lazima moja kati ya yale mawili ya mwanzo liwepo. Msongo unaweza kuizaa sonona. Si lazima uizae.

Sasa turudi kwenye mwili. Kubalehe huanzia kichwani. Sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, iliyokuwa imelala tangu uchangani, huanza kutuma ishara kwa mapigo, mwanzoni usiku mtoto akiwa usingizini. Ishara hizo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari au korodani, ndipo homoni za estrojeni na testosteroni zinapomiminika. Kwa wasichana kazi hii huanza popote kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Kuvunja ungo huja baadaye, mara nyingi miaka 2 hivi baada ya matiti kuanza kuota. Kwa hiyo siku mama anaposema "mwanangu amekuwa mkubwa", ubongo ulishaanza zamani bila kumpigia hodi mtu.

Je, umri ndio unaoleta sonona, au ni kubalehe kwenyewe? Swali hili lilishughulikiwa vizuri na watafiti waliofuata watoto wa vijijini katika jimbo la North Carolina, Marekani, miaka ya 1990. Walitumia ngazi 5 za ukuaji wa mwili zilizopangwa na daktari Mwingereza James Tanner. Walikuta kwamba sonona ya wasichana hupanda wanapofika ngazi ya 3, katikati ya safari, na kwamba ngazi hiyo ilieleza mambo kuliko tarehe ya kuzaliwa. Walipopima damu wakaona kiwango cha homoni kilieleza hata zaidi ya umbo la nje.

Hapo ndipo watu hufunga mjadala. "Ni homoni, zitatulia." Nimeisikia kauli hii kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa wauguzi, nami siikubali, angalau si kwa namna inavyosemwa. Estrojeni humfikia kila msichana. Sonona haimfikii kila msichana, tena wengi huvuka salama kabisa. Kitu kinachompata kila mtu hakiwezi peke yake kueleza kinachowapata baadhi. Homoni huonekana kuufanya ubongo uguswe kwa urahisi zaidi, kama tanga lililopandishwa juu. Upepo wenyewe unatoka nje.

Na huo upepo una mtambo wake mwilini. Mtu akiogopa au akidhalilishwa, haipothalamasi ileile huiambia pituitari ileile, nayo huziambia tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na homoni ya kortisoli ikamwagika. Sukari inapanda, akili inakaa macho. Kisha kortisoli yenyewe hurudi kichwani kusema imetosha, na mtambo unazimika. Ndivyo unavyopaswa kufanya kazi. Ila ukiwashwa kila siku, ile sauti ya "imetosha" huanza kupuuzwa. Tazama basi: ofisi moja kichwani inashughulikia kubalehe na inashughulikia misukosuko, kwa wakati mmoja, na katika miaka hiyohiyo mwitikio wa kortisoli kwa misukosuko huwa unaongezeka. Wakati huohuo sehemu za mbele za ubongo zinazosaidia kupoza hisia hazijakomaa, na hazitakomaa hadi mtu amepita miaka 20. Hayo ni ya wote wawili, msichana na mvulana. Tofauti ni nani anafika kwanza, na anafikia wapi.

Pacha wetu alimtangulia kaka yake kwa mwaka mmoja na nusu. Huo ndio wastani wa dunia, mwaka 1 hadi 2. Akiwa na miaka 12 alikuwa na mwili wa mwanamwali na akili ya mtoto wa darasa la sita. Kaka yake alikuwa bado anacheza gololi. Katika miezi ile michache, nikihesabu ninayoyajua tu, alikatazwa kukaa dakani, akavikwa buibui, akaambiwa asicheke kwa sauti njiani, akaacha kukimbia, na akaanza kupita Usita wa Mui akiinamisha uso kwa sababu ya vijana wanaokaa pale kutia watu maneno. Kaka yake hakuambiwa lolote jipya. Alizidishiwa muda wa kukaa nje, mpaka baada ya isha.

Sisemi buibui ni ugonjwa. Nalivaa. Ninachosema ni kwamba kwa msichana kubalehe ni tangazo, mwili wake unasomwa na mtaa mzima kabla yeye mwenyewe hajamaliza kuusoma. Zamani aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke wa kumfunza hedhi, usafi, mwili na mambo ya watu wazima. Mengi katika mafunzo yale siyatamani yarudi, yakiwemo yale ya kutawishwa ndani hadi posa. Lakini somo alikuwa mtu mzima mmoja, si mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuulizwa maswali. Tuliyaondoa masharti polepole, na yule mtu tukamwondoa mara moja. Pacha wetu aliletewa pakiti ya sodo na dada yake mkubwa na kuambiwa, "Soma nyuma."

Ndiyo maana wanaotangulia wenzao ndio walio hatarini zaidi. Hili limejirudia katika tafiti nyingi: msichana anayebalehe mapema kuliko wa rika lake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona. Kwa wavulana picha haijanyooka hivyo, maana kutangulia kunaweza kumpa mvulana kimo, sauti na nafasi kwenye timu ya mpira. Mabadiliko yaleyale, mtaa uleule, malipo tofauti.

Kuna na lile ambalo watu hulizunguka. Baadhi ya wasichana hupata sonona kwa sababu wameguswa au wamelazimishwa na mtu, mara nyingi mtu wanayemjua. Dhuluma hiyo ni moja ya visababishi vizito vya sonona, na wasichana hufanyiwa zaidi kuliko wavulana. Mtu akiniuliza kwa nini wasichana wanaugua zaidi kisha asitake kusikia hili, najua hataki jibu.

Shule nayo ina lake. Katika miaka ya 1970, mjini Milwaukee, Marekani, mtafiti Roberta Simmons na wenzake waliwalinganisha watoto wa darasa la 7: waliohamia shule mpya kubwa, na waliobaki shule waliyoanzia hadi darasa la 8. Wasichana waliohama walishuka katika kujithamini. Waliobaki hawakushuka. Na walioumia zaidi ni wale ambao mambo yote yaliwafika pamoja: mwili mpya, shule mpya, na kuanza uhusiano na wavulana. Mwishoni mwa 2022 Kenya ilipoamua Gredi ya 7 hadi 9 ikae palepale kwenye shule za msingi, tulibishana kuhusu maabara, madawati na walimu. Sikumsikia mtu akitaja kwamba mtoto wa miaka 12 kubaki mahali anapojulikana kuna faida yake. Labda serikali ilibahatisha. Maabara bado hatuna.

Nimeacha kwa makusudi sehemu inayonivutia zaidi. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki 2013, alijiuliza si nani anahuzunika bali mtu akishahuzunika anafanya nini. Bahati ilimpa jaribio ambalo hakuna mtu angeweza kulipanga. Oktoba 1989 alikuwa amewajazisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford maswali kuhusu hali zao. Siku 14 baadaye tetemeko kubwa likaupiga ukanda ule wa California. Aliwarudia baada ya siku 10, na tena baada ya wiki 7. Walioongoza kwa sonona walikuwa, pamoja na waliokwisha kuwa nayo, wale waliokuwa na tabia ya kuzungusha huzuni kichwani: kwa nini mimi, kwa nini najisikia hivi, ningesema nini, wataniona vipi.

Kiswahili kina neno zuri kwa hili, ni kucheua. Ng'ombe hurudisha majani kinywani, akayatafuna upya, na akapata kitu. Anayecheua huzuni hurudisha uchungu uleule na hapati lishe yoyote. Wasichana hucheua kuliko wavulana, na tofauti hiyo nayo hujitokeza katika ujana. Sidhani ni maumbile matupu. Msichana tangu mdogo husifiwa kwa kusoma nyuso za watu: mgeni amekasirika, mama amechoka, shangazi amenuna. Kwa miaka 10 tunamnoa awe mjuzi wa hisia, kisha tunashangaa ujuzi ule unapomgeukia mwenyewe saa 7 za usiku. Punda, kama mnavyojua, hacheui. Hulia mpaka mtaa uamke, basi.

Kinachokanganya ni kwamba hata dawa tunayoitegemea ina upande wa pili. Mwanasaikolojia Amanda Rose alionyesha 2002 kwamba marafiki wanaorudia tatizo lilelile kila siku bila kulitatua hupendana zaidi na wakati huohuo huhuzunika zaidi. Alipowafuatilia watoto kwa miezi, katika utafiti uliotoka 2007, wasichana walipata vyote viwili, urafiki na huzuni, ilhali wavulana walipata urafiki tu. Nikakumbuka jumbe za sauti za dakika 9 ambazo pacha wetu na shoga yake wa Mkomani wakitumiana usiku, kila moja ikianza na "na jingine". Kumnyang'anya simu kungemnyang'anya shoga, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Afadhali kuuliza: mkishaongea, kesho mtafanya nini? Na kisha kutoka nje, kutembea, kupika, kuogelea Shela, chochote kinachoitoa akili kwenye mzunguko kwa saa moja.

Kuhusu wavulana. Wapo wanaodai pengo lote ni la uongo, eti wavulana huumwa sawa ila hawasemi. Si kweli, pengo linabaki hata pale watafiti wanapotumia mahojiano makini yanayomfuata kila mmoja kwa maswali yaleyale. Lakini kuna ukweli ndani ya dai hilo. Sonona ya mvulana mara nyingi huja imevaa nguo za ukaidi: ngumi, kutoroka shule, ukali kwa mama, kulala hadi adhuhuri, kutafuna muguka, na hapa pwani mara nyingine unga wa kulevya. Tunamwita mtundu, kisha mvivu, kisha teja, na kila jina linamsogeza mbali na hospitali. Matokeo yake yanatisha. Duniani, wanaume hufa kwa kujiua mara 2 na zaidi ya wanawake. Na kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Nani angekwenda kuomba msaada mahali anapoweza kutiwa pingu?

Msaada upo, na haujakaa mbali kama tunavyodhani. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule za sekondari za Kenya kwa mpango uitwao Shamiri: vipindi 4 vya kikundi, saa moja kila wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni, si madaktari. Walizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo wanayoyathamini. Dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa sonona nzito, tiba ya mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine dawa, hufanya kazi. Mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga 116 bila malipo. Mtoto akitaja kufa, usimwache peke yake na usingoje kesho. Kumwuliza waziwazi kama anawaza hivyo hakumtii wazo kichwani.

Bibi alikwisha kumpeleka kwa maalim kabla sijafika. Alisomewa, akapewa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, akanywa. Sikuona haja ya kugombana. Msichana alisema wakati wa kusomewa alijisikia ametulia, na kutulia si kitu kidogo. Nilichoomba ni kwamba aende na kliniki pia, na bibi akajibu kwamba Mungu hakuumba mlango mmoja. Wamekwenda mara 5 sasa. Wiki ya tatu alikula mahamri mawili, na bibi akayahesabu kwa sauti mpaka mtoto akacheka.

Nikitoka siku ile nilimkuta kaka yake dakani. Nilikuwa nimepita mbele yake mwaka mzima nikimwuliza habari za mpira. Safari hii nikamwuliza analala saa ngapi. Akasema hajui. Tukanyamaza, mkokoteni wa maji ukapita. Kisha akauliza, akitazama ukuta wa mbele, kama ile 116 ukiipiga inabaki kuonekana kwenye simu, kwa sababu simu ni ya baba.

Nikamwonyesha jinsi ya kuifuta.